Tatuu mpya kwenye ngozi nyeusi: yanayosemwa Nairobi na yaliyo kweli

Ukitoka kuchorwa tatuu Nairobi, ushauri utaupata hata kabla hujauomba. Mwenzako kazini atakutajia spiriti, shangazi atakuambia ukande kwa maji ya chumvi, na jirani atakuonyesha kitube cha krimu kilichomponya upele. Wote wanakutakia mema, lakini mengi ya hayo huichelewesha ngozi kupona. Na ukikimbilia intaneti, utakuta maelezo mengi yaliandikwa yakiwalenga watu wenye ngozi nyeupe. Ndiyo maana naanza na dhana ninayoiogopa kuliko nyingine zote.

"Mradi haijawa nyekundu, haina shida"

Kwenye ngozi nyeupe, wekundu huonekana mapema. Kwenye ngozi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, sehemu yenye maambukizi inaweza kuwa ya zambarau, ya kijivu, au nyeusi zaidi kidogo tu kuliko ngozi iliyo kando yake. Chini ya wino mweusi huenda usione chochote. Kwa hiyo tumia mkono. Nawa vizuri, weka mgongo wa vidole pembeni mwa mchoro, kisha uguse ngozi iliyo mbali nao, ulinganishe joto.

Siku mbili tatu za kwanza, joto kidogo, uvimbe na maumivu kama ya mchubuko ni mambo ya kawaida, na yanapaswa kupungua kila kukicha. Yakizidi badala ya kupungua, joto likisambaa nje ya mchoro, ukitoka usaha mzito, au ukishikwa na homa na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika, mwambie daktari ulichorwa lini na umepaka nini. Ukimwona anatafuta wekundu tu, mwombe aguse.

"Spiriti kila siku ndiyo inayoua vijidudu"

Sindano hupenya hadi tabaka la pili la ngozi, kati ya milimita 1 na 2, na kuacha matundu mengi mno. Spiriti haichagui: inaua vijidudu pamoja na seli changa zinazojitahidi kuyafunga matundu hayo. Dettol iliyokolea nayo ni hivyo hivyo. Utabaki na ngozi kavu, kigaga kinene na maumivu ya bure.

Maji safi ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, mara mbili au tatu kwa siku, yanatosha. Kausha kwa tishu safi, ukibonyeza taratibu bila kusugua, na taulo ya nyumba nzima iache ukutani. Najua mitaa mingi ya jiji hili maji huja kwa mgao. Maji yaliyokaa kwenye mtungi kwa siku nyingi si ya kuoshea kidonda: yachemshe, yafunike, yaache yapoe. Kukanda kwa maji moto ya chumvi usifanye kabisa.

"Kuna krimu dukani inayomaliza kila kitu"

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu krimu hizi zinapatikana kirahisi mno. Kitube kimoja kina dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi, na watu hukisifu kwa kuwa muwasho hukoma upesi. Steroidi hutuliza muwasho kwa kuipunguza nguvu kinga ya ngozi, na kinga hiyo ndiyo inayosaidia kufunga kidonda. Ukiipaka kwenye tatuu mbichi, kupona kunachelewa na dalili za maambukizi zinafichika. Ukiendelea nayo kwa muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba na inaweza kupauka mahali hapo.

Wengine hupasua kapsuli ya antibayotiki na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda. Unga huo hauna kipimo, unaweza kukuletea mzio, na unawazoesha bakteria kuistahimili dawa utakayoihitaji siku ukiugua kweli. Tatuu inayopona vizuri haihitaji antibayotiki yoyote.

Mafuta nayo yasizidi. Paka safu nyembamba ya mafuta au losheni isiyo na manukato baada ya kuosha; ukiona ngozi imelowa na inateleza, futa. Ile nailoni ya kufungia chakula uliyofungwa ulipochorwa itoe baada ya saa chache, maana inahifadhi jasho na unyevu, na bakteria hupenda hapo. Bandeji maalumu zinazoruhusu ngozi kupumua ni jambo jingine: hizo hukaa siku kadhaa, kwa kufuata maelekezo yake.

"Wino unatoka, mchoraji amenipunja"

Siku za kwanza majimaji yenye rangi hutoka, baadaye ngozi hubanduka ikiwa na rangi, halafu mchoro unaonekana umefifia kwa wiki kadhaa. Usimgombeze mchoraji bado. Wino wenyewe uko chini zaidi, umemezwa na seli za kinga. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli hizo zikifa, wino huachwa palepale na kumezwa na seli mpya. Kinachouondoa mapema ni kucha zako. Ukiwashwa, usijikune wala kubandua kigaga. Pigapiga kidogo kwa kiganja safi, au paka losheni kidogo.

"Ngozi nyeusi haidhuriwi na jua"

Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hukinga, lakini haikingi yote, na ngozi yenye kidonda ikipigwa jua huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Nairobi iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale ya jua hapa ni mikali, na mawingu ya Julai hayaizuii yote. Kabla ngozi haijafunga, funika kwa nguo nyepesi ya pamba isiyobana. Itakukinga pia na vumbi ukiwa kwenye boda boda. Losheni ya kukinga jua subiri hadi kidonda kipone.

"Maji ya bahari ni dawa"

Kama umepanga kushuka Mombasa, chorwa ukirudi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti kisa cha mtu aliyeogelea katika Ghuba ya Meksiko siku 5 baada ya kuchorwa. Alikuwa na ugonjwa wa ini, bakteria wa baharini wakaingia kupitia tatuu, na akafariki. Bahari, bwawa na mto visubiri ngozi ifunge kabisa, na hiyo huchukua wiki 2 hadi 4. Kwa ndani, ngozi huendelea kujijenga kwa miezi.

"Keloidi inatokana na uchafu"

Hapana. Keloidi ni kovu linaloendelea kukua hadi kuvuka mipaka ya kidonda, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Mara nyingi huwa katika ukoo, na unaweza kusafisha vizuri kila siku na bado ikakupata. Kama mzazi au ndugu yako anayo, au tundu la hereni lilikuachia uvimbe, fikiri sana kabla ya kuchorwa. Inaweza kuanza miezi kadhaa baada ya tatuu kupona, kwa hiyo ukihisi sehemu ya mchoro inainuka, inakuwa ngumu na kuwasha, nenda mapema kwenye kliniki ya ngozi. Hapo steroidi ina kazi yake, ikidungwa ndani ya kovu na daktari. Ukiambiwa litakatwa, uliza kwanza ni tiba gani itakayofuata, kwa sababu keloidi iliyokatwa tu mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza.