Rojo la mbao: ukilinganisha uagizaji wa nchi mbili, usidanganywe na tarakimu ndogo

Wanafunzi wa takwimu na wenye viwanda vya uchapaji hapa Tanga hutuuliza mara nyingi: kati ya Tanzania na Kenya, nchi gani imekuwa ikiagiza rojo la mbao kwa wingi zaidi miaka hii yote? Swali ni zuri, lakini jibu lake lina mitego, na mkubwa kuliko yote ni tarakimu ndogo.

Rojo la mbao ni nyuzi za mti zilizotenganishwa kwa mashine au kwa kemikali. Linalosafirishwa mbali huwa limekaushwa na kufungwa marobota. Mnunuzi wake ni kiwanda: cha karatasi, cha tishu, cha nepi. Nchi isiyo na viwanda hivyo haina haja ya rojo, huagiza karatasi iliyokwisha kutengenezwa. Nchi yenye misitu na kiwanda chake mwenyewe nayo huenda isiliagize, maana inalitengeneza nyumbani. Zote mbili zitaonekana karibu na sifuri kwenye jedwali, ilhali hali zao ni mbingu na ardhi.

Tanzania ina kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza uzalishaji miaka ya 1980, kinachotumia misindano ya nyanda za juu kutengeneza karatasi ngumu ya kahawia. Kenya ilikuwa na kiwanda kikubwa cha Webuye tangu miaka ya 1970, uzalishaji wake ukasimama mwaka 2009. Anayetazama mstari wa rojo peke yake hawezi kuiona tofauti hiyo. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, rojo liko sura ya 47 na karatasi sura ya 48. Mimi siamini ulinganisho wowote unaoishia sura ya 47, hasa unapovuka mwaka ambao kiwanda kilifunguliwa au kilifungwa.

Kuna suala la kipimo. Bei ya rojo duniani ilipanda sana mwaka 2021 na 2022, hivyo nchi iliyoagiza tani zilezile ilionekana imeongeza manunuzi ukihesabu kwa fedha. Tumia uzito. Hata uzito nao una lake: rojo la biashara kwa kawaida huhesabiwa kwa ukavu wa asilimia 90, lakini lipo linalosafirishwa bichi, karibu nusu yake ikiwa maji. Gawanya thamani kwa kilo. Ukiona bei ya chini isiyo ya kawaida, chunguza mzigo huo kabla ya kuchora mchoro wowote.

Mzigo unaoshushwa bandarini Tanga kuelekea Rwanda au Burundi si uagizaji wa Tanzania. Tuliache hilo hapo.

Sera nazo hugeuza mistari. Kuanzia 1 Januari 2021 China ilizuia karatasi chakavu kutoka nje. Viwanda vyake vikatafuta nyuzi kwingine, likiwemo rojo lililotengenezwa nje ya China kutokana na karatasi chakavu hiyohiyo. Rojo hilo halihesabiwi kuwa la mbao. Lina kifungu chake ndani ya sura ya 47, nacho ni 47.06. Mtu anayelinganisha China na Japani kabla na baada ya mwaka huo, akabaki na vifungu vya rojo la mbao, 47.01 hadi 47.05, atakuwa ameacha nje sehemu ya mabadiliko anayoyatafuta.

Kifungu hicho cha 47.06 kinatuhusu sana sisi watu wa Tanga, kwa sababu rojo la mkonge nalo limo humo. Nyuzi za mkonge ni ndefu na imara, zinafaa kwa karatasi maalumu, na ningependa sana kuona vijana wa Korogwe na Muheza wakilichunguza soko hilo kwa takwimu badala ya tetesi. Wasilitafute kwenye mistari ya rojo la mbao. Waombe 47.06 ikiwa imechanganuliwa, maana humo mkonge uko pamoja na rojo la pamba, la mianzi na la karatasi chakavu, na jumla ya kifungu chote haiwezi kuwaambia nchi fulani imenunua mkonge kiasi gani.