Anayefichua Rushwa Kazini Si Msaliti

Katika ofisi nyingi za Kisumu na Nakuru, anayefichua rushwa huitwa msaliti, na wengi huamini kwamba mkubwa wake anaweza kumhamisha "kwa manufaa ya kazi", kama barua hizo zipendavyo kusema. Sivyo. Chini ya Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016, anayemshusha cheo, kumfuta kazi au kumpeleka kituo kibaya mtoa taarifa hutenda kosa lenye faini isiyozidi shilingi 1,000,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Karani wa stoo aliyeona mgavi akimpa mkuu wake bahasha ili dawa pungufu zipokelewe anaweza kwenda moja kwa moja kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, yenye ofisi mjini Kisumu.