Kinga ya kabichi imo kwenye loshuu

Mkulima wa kabichi wa Lushoto, Njombe au Kinangop anaifahamu alama hii hata kama hajui jina lake: njano inaanzia ukingoni mwa jani, inaingia ndani kwa umbo la herufi V, na mishipa inageuka myeusi. Ukikata shina unakuta duara jeusi. Huo ni uozo mweusi, unaoletwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris. Usiku majani ya kabichi hutoa matone ya maji kupitia vitundu vya pembeni. Kukicha, sehemu ya maji hayo hunyonywa tena ndani, na bakteria huingia nayo. Akishafika kwenye mishipa, dawa ya kupuliza haimpati.

Sasa angalia loshuu, mboga ya majani, kwenye bustani ya jirani. Magharibi mwa Kenya wanaiita kanzira, na Ethiopia, kwao asili, ni gomenzer. Baadhi ya mbegu zake huhimili aina namba 1 na 4 za bakteria huyu, ambazo ndizo zimeenea zaidi duniani. Kabichi au sukuma wiki yenye kinga dhidi ya aina hizo ni adimu sana.

Sababu ipo kwenye ukoo. Mwaka 1935 mtafiti Woo Jang-choon, akifanya kazi Japani, alionyesha kwamba mimea hii imezaana tangu zamani. Kabichi ina jozi 9 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, haradali nyeusi ina 8. Loshuu ina 17, kwa kuwa ni mtoto wa hao wawili. Kinga tunayoitafuta sisi watafiti wa mbegu ili tuihamishie kwenye kabichi iko upande wa haradali, na loshuu ndiyo daraja la kuifikia.

Kuvuka daraja hilo ni kazi. Tunafungua ua la loshuu kabla halijachanua, tunaondoa sehemu zake za kiume, tunapaka chavua ya kabichi na kulifunika. Ganda linaanza kujaa, nasi tunapata matumaini, kisha linanyauka. Chakula kilichomo ndani ya mbegu hakikui vizuri, kiinitete kinakufa njaa. Kwa hiyo hatusubiri. Ganda likiwa bado changa tunalipasua maabara, tunatoa kiinitete kidogo kuliko punje ya ufuta na kukilea kwenye chupa yenye sukari na madini. Vingi hufa. Mche mmoja ukisimama, maabara nzima huja kuutazama.

Chotara huyo ana kromosomu 26. Zile 9 za kabichi hupata wenzao, lakini 8 za haradali hazina mwenza, hivyo chavua yake nyingi haina uhai. Tunamrudisha kwa kabichi kizazi baada ya kizazi. Kila kizazi tunachovya mkasi kwenye maji yenye bakteria, tunakata ncha za majani na kungoja kuona upi hauugui. Mara nyingi mmea unaofunga kichwa kizuri umeshapoteza kinga, na wenye kinga haufungi kichwa. Ndiyo maana kazi hii hula miaka.

Wengi hutuuliza kama hii ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa vinasaba maabara. Hapana, hapa tunaozesha ndugu kwa njia ya chavua na kumlea mtoto dhaifu.

Hata tukifanikiwa, kinga huweza kuvunjwa. Kanada iligundua ugonjwa wa uvimbe wa mizizi kwenye mashamba ya kanola, zao la mafuta lililo ndugu wa kabichi, mwaka 2003, ikapata mbegu kinzani 2009, na kufikia 2013 aina mpya za kimelea zilikuwa zimeishinda katika baadhi ya mashamba. Kupanda mbegu ileile msimu hadi msimu kulimsaidia adui. Hivyo usirudishe kabichi, sukuma wiki, chainizi wala loshuu kwenye shamba lililougua uozo mweusi kabla ya miaka miwili au mitatu. Mbegu ya kabichi unayoitilia shaka iloweke kwenye maji ya nyuzi joto 50 kwa dakika 25, ukitumia kipimajoto, maana yakizidi kidogo mbegu inakufa. Kisha ipoze na uianike.

Na kama mama au bibi yako amekuachia mbegu ya loshuu ya nyumbani, usiitupe kwa sababu umenunua ya pakiti. Mpe afisa ugani kijiko kimoja, mwandikie jina la kijiji na jina mnaloiita. Benki ya mbegu ya Muguga, Kenya, na Kituo cha Mboga Duniani, Arusha, huhifadhi mbegu za namna hiyo, na huko ndiko tunakoanzia kutafuta mzazi.