Namba imepanda baada ya dripu ya kwanza

Ndugu wa mgonjwa wa saratani ya mapafu huja dirishani kwetu maabara na karatasi mbili za majibu ya damu, moja ya kabla ya tibakemikali (kemo) na nyingine ya siku chache baada ya dripu ya kwanza. Kidole kimesimama kwenye mstari mmoja. Tuseme ilikuwa 38, sasa ni 61. "Ina maana dawa imekataa?" Hapana, karatasi hizo mbili haziwezi kutuambia hivyo, na tafadhali msiache dawa kwa ajili yake.

Tunachopima ni protini ambazo uvimbe huziachia kwenye damu. Kwa saratani ya mapafu tunatumia zaidi nne. CEA, iliyogunduliwa mwaka 1965, na CYFRA 21-1 hutusaidia kwenye saratani ya seli zisizo ndogo, inayowapata takriban asilimia 85 ya wagonjwa. NSE na ProGRP ni za saratani ya seli ndogo, ile inayosambaa haraka lakini mara nyingi huitikia dawa vizuri mwanzoni. Dawa inapofanya kazi, seli za saratani hufa na kupasuka, na kilichomo ndani humwagikia kwenye damu. Kwa siku kadhaa namba inaweza kupanda kwa sababu hiyo hiyo tuliyokuwa tunaiomba. Ndiyo maana tunapima kabla ya kuanza, kisha kabla ya dripu inayofuata, mara nyingi baada ya wiki 3, tukiangalia namba inaelekea wapi.

NSE ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu hata chembe nyekundu za damu zinayo. Mshipa ukikosekana, damu ikavutwa kwa nguvu au chupa ikatikiswa, chembe hizo hupasuka. Ukishaizungusha chupa kwenye mashine, maji ya juu yanayopaswa kuwa ya manjano hafifu yanakuwa mekundu. Sampuli hiyo naikataa na kuomba nyingine, ingawa najua mgonjwa amechoka kuchomwa. Nikiipitisha, atasoma kwamba ugonjwa umezidi, kumbe ni sindano tu. ProGRP nayo hupanda figo zikidhoofika, na cisplatin, dawa tunayoitumia sana, inaweza kuumiza figo. Mvutaji sigara huweza kuwa na CEA ya juu kidogo hata bila saratani. Vidonge vya biotini vya nywele na kucha huvuruga baadhi ya mashine, kwa hiyo kama unavimeza, tuambie kabla hatujatoa damu.

Jibu zito zaidi hutoka kwenye picha ya CT, inayopigwa baada ya mizunguko 2 au 3 ya dripu. Jumla ya vipenyo vya uvimbe ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, tunasema umeitikia. Namba ya damu ikiendelea kupanda kila tunapopima, daktari huweza kuiwahisha picha hiyo.

Je, tunaweza kujua mapema nani atafaidika na kemo? Tumaini kubwa liliwekwa kwenye ERCC1, protini inayosaidia seli kurekebisha DNA iliyoharibiwa na cisplatin. Mwaka 2006 utafiti ulionyesha kwamba wenye uvimbe usio nayo ndio walionufaika na cisplatin baada ya upasuaji. Mwaka 2013 baadhi ya watafiti walewale walijaribu kingamwili 16 za maabara zinazotumika kuitambua protini hiyo, na hakuna hata moja iliyoweza kuitenga aina ya ERCC1 inayofanya kazi hiyo na zile zisizoifanya. Nawaheshimu sana kwa kulitangaza hilo.

Kilichosimama imara ni kupima jeni kwenye kinyama chenyewe, yaani kipande cha uvimbe kilichokatwa kwa uchunguzi. Mwaka 2009 ilibainika kwamba wagonjwa wenye mabadiliko ya jeni ya EGFR walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga mbele wakitumia vidonge vya gefitinib kuliko kemo, na wasio na mabadiliko hayo kemo iliwafaa zaidi. Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza, muulize daktari kama kinyama chako kimepimwa EGFR, ALK (jeni nyingine) na PD-L1 (protini iliyo juu ya seli), au kama kimebaki cha kutosha kupimwa. Na damu yako ipimwe maabara ile ile kila mara, kwa kuwa mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba mbili tofauti kwa damu moja.