Talaka bila mkosaji: yanayosemwa Moshi na yaliyomo kwenye sheria

“Hujamfumania? Basi huna kesi.” Ushauri huu hutolewa Moshi kwa kujiamini kabisa, saluni hadi kilabu cha mbege, na kuna watu wanaopekua simu za wenzao usiku kwa sababu yake. Hauna msingi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, swali la mahakama ni moja: je, ndoa hii imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Ugoni, ukatili na kutelekezwa miaka 3 ni ushahidi wa kuvunjika huko. Lakini hata wawili waliokubaliana kutengana kwa hiari, wakakaa mbalimbali angalau miaka 3, wana ushahidi, na hapo hakuna wa kunyooshewa kidole.

Wengine nao huvuka mpaka: “Siku hizi ukimchoka tu, unaandika.” Hiyo ni Uingereza, ambako tangu tarehe 6 Aprili 2022 tamko la mwombaji kwamba ndoa imevunjika linatosha, au California, iliyoacha kudai kosa tangu 1970. Kwetu hakimu bado anataka ushahidi, na madai yanayosimama juu ya makosa ya mwombaji mwenyewe pekee hukataliwa, isipokuwa kuna sababu maalumu. Kwa maoni yangu tumekaa katikati, na si mahali pabaya.

Dhana inayowapotezea watu muda kuliko zote ni ile ya kikao cha ukoo. Wazee wamekaa, mwenye kosa ameleta jani la sale kuomba radhi, limekataliwa, muhtasari umeandikwa na wote wametia sahihi. Mama wa watu anaukunja kwenye mkoba na kwenda nao mahakamani, ambako karani anamuuliza: “Cheti cha baraza kiko wapi?” Heshima ya wazee iko palepale, ila sheria inataka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini, lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Cheti hicho kisizidi miezi 6 tangu kitolewe hadi madai yanapofunguliwa. Kuna misamaha, kwa mfano mwenza aliyekutelekeza na hujui aliko. Na ndoa isiyofikisha miaka 2 huhitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

“Aliyeomba talaka aondoke na nguo zake.” Hapana. Kinachopimwa katika mgawanyo ni mchango wa kila mmoja katika mali walizochuma pamoja, si nani alitangulia kwenda mahakamani. Tena mchango si fedha tu: Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Penye utata kwetu Uchagani ni kihamba, yaani shamba la ukoo. Mume atasema ni cha babu, na kweli ardhi aliyorithi haigeuki kuwa ya wawili kwa sababu ameoa. Lakini sheria inahesabu pia mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa juhudi za pamoja. Nyumba ya tofali iliyosimama mahali pa kibanda cha zamani, mke akilipa mafundi kwa hela ya ndizi, haiwezi kufichwa nyuma ya jina la babu. Tunza risiti za saruji, mama.

Kuhusu watoto, mahari haimpi baba hatimiliki. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto, na aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni vema akae na mama, dhana ambayo baba anaweza kuipinga kwa ushahidi.

Na waliofunga ndoa kanisani? Mahakama inaweza kuivunja ndoa hiyo kisheria, kuanzia mahakama ya mwanzo. Kufunga nyingine madhabahuni ni suala la kuzungumza na padri au mchungaji, hakimu hahusiki.