Mbaazi si kitoweo cha waliokosa samaki

Hapa Lamu utasikia mtu akisema, "Leo hakuna kitoweo," na huku mbaazi zinachemka jikoni. Anamaanisha hakuna samaki wala nyama. Lakini kitoweo ni chochote cha kulia wali au ugali, na mbaazi zimo. Tena watu haohao asubuhi wamekula mahamri kwa mbaazi za nazi, na hakuna aliyeuliza nyama iko wapi.

Wengine hudai kwamba bila nyama mwili haujengeki. Mbaazi zina protini nyingi, na zina laisini, moja ya vijenzi vya protini, ambayo wali unayo kidogo. Ukila vyote pamoja, kimoja huziba pengo la mwenzake.

Kinachoziharibia sifa ni upishi. Ziloweke usiku kucha, zichemshe hadi ukiibonyeza moja kwa vidole isibishe. Kisha tia tui la pili, lile jepesi, pamoja na kitunguu, pilipili na manjano. Tui zito lije mwisho, kwa moto mdogo, ukikoroga polepole. Likichemka kwa fujo hukatika, mafuta juu, maji chini. (Mimi nilikatisha sufuria nzima siku ya wageni. Walikula, kimya.)

Kusi likivuma bahari huchafuka, samaki huwa haba. Lakini masika yameshanyesha, na majani ya kunde yako tele: yapike kwa kitunguu na tui kidogo. Ukipata embe bichi, tia vipande viwili vitatu kwenye mbaazi badala ya ndimu.