Pikipiki kulia tik tik ukiizima sio injini kufa

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu miaka na miaka, eti ukizima pikipiki ukasikia tik tik tik chini basi injini inakufa, na dawa yake utoboe ekzosi ipumue. Sio kweli jamani.

Huo mlio ni chuma kinapoa. Ekzosi ikipata moto inatanuka, ukizima inaanza kusinyaa, sasa bomba na kava lake havipoi kwa kasi moja ndo vinavutana na kulia. Cheki mwenyewe, tega sikio utasikia tik zinapungua taratibu mpaka zinaisha zenyewe. Mlio wa kuogopa ni ule wa kugonga injini ikiwa inawaka, unaozidi ukivuta mafuta. Huo zima, pima oili, halafu mwone fundi.

Kutoboa kunaongeza kelele tu na watu wanaichukulia kelele kama nguvu, sikio linadanganyika upesi. Tena kwenye pikipiki ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta) hewa inaweza kuzidi mafuta, injini ikapata moto sana na kupiga mishindo ukiachia mafuta. Meseji hiyo ikikufikia tafadhali usiiforwadi, mtu ataharibu ekzosi isiyo na tatizo lolote.